Ndege iliyo kwenye picha ya papa yako

Pole sana ndugu, kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza ndege iliyo kwenye picha yake ni ipi, na vitu alivyoacha vitunzwe vipi. Ile ndege yenye mkia wa V anayoiegemea ni Fouga Magister, ya Ufaransa. Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, ilipata 3 tu, mwanzoni mwa 1961; kufikia Septemba iliyokuwa bado inaruka ni moja, ile iliyowashambulia askari wa ONU (Umoja wa Mataifa) ikitokea mji wa Kolwezi. Kwa hiyo kama nyuma ya picha wameandika Luano, yaani uwanja wa ndege wa Lubumbashi, huenda picha ni ya kabla ya hapo. Beji na kofia zitadumu. Mimi ningehofia kile kitabu chake cha safari za ndege, maana mchwa na mvua za Lubumbashi unazijua! Kipige picha kila ukurasa, usitie gundi. Halafu muulize mama majina ya wale wengine waliosimama pembeni, uyaandike nyuma kwa penseli.