Mwanangu, kuhusu lile swali la mkutano wa kijiji

Mwanangu,

Kamwene. Huku Isimani hatujambo. Swali lako siwezi kulijibu kwa simu, ndiyo maana nakuandikia. Uliposimama mkutanoni kuuliza michango ya kujenga darasa imetumikaje, wazee walikuambia ukae chini, na mimi mama yako sikufungua mdomo. Sasa unauliza: kizazi chetu kinawaheshimu viongozi au kinawaogopa?

Yote mawili, na kila moja lina chanzo chake.

Babu yako alikulia chini ya Waingereza, waliotutawala kupitia chifu na wazagila wake, yaani machifu wadogo wa Wahehe. Mwaka 1954 alikuwepo Kalenga Gavana Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la babu yake Mkwawa, mtawala wetu aliyepigana na Wajerumani, na aliisimulia siku ile hadi uzeeni. Kwake uongozi ulikuwa wa ukoo. Mtu humchagui wala humwondoi. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963, Adam Sapi alikuwa tayari Spika wa Bunge, basi babu hakuona kama kuna kikubwa kilichobadilika.

Kilichotufunga midomo sisi ni kingine. Pale mjini unakijua Chuo cha Ualimu Kleruu. Jina hilo ni la Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa mkuu wa mkoa wetu wa Iringa. Siku ya Krismasi mwaka 1971 alifika kwenye shamba la Said Mwamwindi, mkulima mkubwa wa mahindi hapa Isimani, wakati wa kupeleka watu kwenye ujamaa. Wakagombana, Mwamwindi akampiga risasi, kisha akaupakia mwili kwenye gari na kuupeleka mwenyewe polisi. Naye akahukumiwa kunyongwa. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alitukataza kulitaja jina la yeyote kati yao njiani, na katazo hilo halikuondolewa hata tulipokuwa watu wazima. Mashamba yakaingia kwenye vijiji, nyumba zikapangwa kwa mistari, na balozi wa nyumba kumi akawa anajua nani amelala kwako. Ukiuliza sana unaitwa kupe. Mtu aliyeona kiongozi na mkulima wote wawili wakizikwa kwa sababu ya mabishano ya shambani, usishangae akikuvuta shati unaposimama kubishana.

Lakini msituhukumu kwa woga peke yake, hapo vijana mnatukosea. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyomfundisha bibi yako kuandika jina lake kwenye darasa la kisomo. Mimi nimekuwa mwalimu bila baba yangu kuuza hata ng'ombe mmoja. Aliyekupa kalamu unaona aibu kumdai risiti. Na Mwalimu Nyerere tulimpenda, mwanangu, tulimpenda kwa dhati.

Kinachoniuma ni kwamba maneno tulikuwa nayo. Februari ya mwaka huohuo wa 1971, Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulisema katika ibara ya 15 kwamba kiongozi ni mwiko kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji. Tuliyakariri shuleni, lakini hakuna aliyetuambia kuwa raia wa kawaida anaweza kuyasimamia mbele ya katibu tarafa.

Wewe umezaliwa vyama vingi vipo. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 ukiwa mdogo, huwakumbuki wajomba zako wakilala porini kuwakwepa mgambo. Kiongozi unayemjua wewe ni yule anayekuja kupiga magoti kuomba kura. Tena elimu yako umekopeshwa, na kila mwezi unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Anayelipa huuliza hesabu, na mimi nafurahi kwamba unauliza.

Jambo moja tu wazee walikuwa nalo sahihi, ingawa hawakulisema vizuri. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi waliofikisha miaka 18, nao ndio wenye kauli ya mwisho kijijini, juu ya mwenyekiti na mtendaji. Wewe mkazi wa Dodoma. Mkazi wa hapa ni mimi, na mchango wa darasa nilitoa mimi. Taarifa ya mapato na matumizi ni haki yangu kusomewa, na tangu mvua zianze hatujasomewa.

Kwa hiyo mkutano ujao nitauliza mimi. Nimeshazungumza na mama wawili wa kikundi chetu, nao wametunza stakabadhi zao. Wewe nitumie ile karatasi uliyoandika hesabu ya bati na saruji, maana bei za mjini unazijua kuliko sisi. Iandike kwa herufi kubwa, miwani yangu imepasuka kioo kimoja.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako