Bima imekataa upasuaji wa taya: usikubali jibu la kwanza

Pole sana, dada. Umeuliza ufanye nini baada ya bima kukataa kulipia upasuaji wa taya la binti yako, eti ni "urembo". Neno hilohilo lilikuwa kwenye barua ya bima ya kunikatalia mimi upasuaji wa taya, na lilinichoma, maana siku hizo nilikuwa nakata nyama vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi ndipo niweze kumeza.

Dai sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba walichotumia. Angalia tarehe ya mwisho ya kukata rufaa kwa bima, usiipitishe hata kwa siku moja. Kisha mwone daktari mpasuaji. Barua yake isiishie kusema "anahitaji upasuaji". Ieleze taya linashindwa nini: kutafuna, kutamka, kupumua usingizini. Aambatanishe eksirei na kipimo, kwa milimita, cha meno yanavyopishana. Rufaa yangu ya kwanza ilikataliwa. Ya pili ilipita, baada ya daktari wangu kuzungumza mwenyewe na daktari wa bima.

Wakishikilia, peleka malalamiko kwa mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Na binti naye aandike, kwa maneno yake, vyakula alivyoshindwa kula wiki hii.