Maswali na Majibu: Shairi la "London" la William Blake

Maswali ya safari hii yote yanahusu shairi moja, "London", ambalo William Blake alilitoa mwaka 1794 katika diwani ya Songs of Experience. Kwa asiyelikumbuka, ni tarbia ya beti nne ambamo nafsineni anatembea mitaani karibu na mto Thames, anaona alama za unyonge na huzuni katika kila uso, kisha anasikia vilio: vya watoto wanaosafisha dohani, vya askari, na, usiku wa manane, laana ya kahaba kijana inayomdhuru mtoto mchanga na kulipiga kwa tauni gari la maiti la ndoa.

Mwalimu ametuambia kwamba katika shairi hili mitaa na mto "vimekatiwa hati". Mto hukatiwaje hati?

Neno hilo linastahili nusu ya insha yako. Hati inayokusudiwa ni ile ya kifalme, iliyolipa jiji, vyama vya mafundi na makampuni ya biashara uhuru wa kuendesha mambo fulani peke yao. Wako Waingereza waliojivunia hati hizo kuwa msingi wa uhuru wao, lakini mwandishi wa siasa Thomas Paine, katika kitabu chake kuhusu haki za binadamu, aliigeuza hoja hiyo akasema kwamba hati haimpi mtu haki, bali huwanyima wengine haki waliyokuwa nayo tayari. Katika rasimu iliyomo daftarini mwake, Blake alikuwa ameandika kwamba mtaa na mto ni vichafu, kisha akaliacha neno hilo. Uchafu hauna mwenyewe, na ukifagiliwa huondoka. Hati ina aliyeitoa na aliyenufaika nayo. Kwa kulirudia neno lile lile kwenye mto, mshairi anatuonyesha kwamba hata maji yanayopita yameshapata mwenyewe.

"Pingu zilizofuliwa na akili": je, mshairi anawalaumu wanyonge kwa kujifunga wenyewe?

Wengi hujibu ndiyo, nami sikubaliani nao, kwa sababu shairi halisemi ni akili ya nani iliyozifua. Rasimu ilitaja minyororo iliyofuliwa na Wajerumani, maneno ambayo wachambuzi huyaona kuwa kijembe kwa Mfalme George III, ambaye ukoo wake ulitoka Hanover. Blake alipoyabadilisha hakumsamehe mfalme, bali alipanua shtaka. Pingu sasa zinasikika katika kila sauti, na pia katika neno moja la Kiingereza, "ban", linalobeba marufuku, laana, na mwangwi wa tangazo la ndoa kanisani. Kwa hiyo anayepiga marufuku naye anazungumza akiwa amefungwa. Zaidi ya hayo, shairi zima halina mfalme wala askofu. Mna kuta za ikulu na kanisa linaloingia weusi wa masizi, basi. Wanaoteseka wamepewa sauti, wenye nguvu wamepewa majengo, na pumzi ya askari inapofika kwenye ukuta wa ikulu inageuka damu, katika miaka ambayo Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa.

Nimehesabu mizani nikapata 8 hapa na 7 pale. Je, hili ni shairi guni?

Si guni, yaani halikuvunja kanuni ya mizani. Ushairi wa Kiingereza wa aina hii hupima mikazo kuliko idadi ya silabi, na kila mshororo hapa una mikazo minne. Hata hivyo hesabu yako haikupotea. Ubeti wa kwanza una silabi 8 hadi mshororo wa nne, ambao unashuka hadi 7 na kuanza kwa mkazo, mahali hasa panapotajwa unyonge. Ubeti wa tatu wote ni wa silabi 7, na herufi zinazoanza mishororo yake, H, E, A na R, zinaunda neno la Kiingereza lenye maana ya "sikia", ambalo ndilo lililofunga ubeti wa pili.

Je, ni lazima kuitaja picha iliyo juu ya shairi?

Si lazima, lakini itakusaidia. Blake alikuwa mchoraji wa nakshi, akichonga maneno na picha katika bamba moja la shaba. Hapa mtoto anamwongoza mzee anayetembea kwa magongo, na shairi halimtaji hata mmoja wao.

Kwa nini ndoa inapandishwa gari la maiti?

Ufafanuzi wa kawaida, ambao naukubali, ni kwamba tauni inayotajwa ni kaswende, inayotoka kwa kahaba hadi kwa bibi harusi na hatimaye kwa mtoto mchanga. Lakini ugonjwa hautembei wenyewe. Yuko mtu aliyeubeba kutoka mtaa wa usiku wa manane hadi nyumbani kwake, na huyo, kama mfalme na askofu, hakutajwa popote katika mishororo 16.