Redio ya kando ya kitanda ikikatiwa huduma, usikimbilie kununua nyingine

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Makambako: "Dada, shikamoo. Squeezebox Radio yangu inawaka vizuri, ila nikichagua wimbo inazungukazunguka tu, inasema haipati seva. Fundi kaniambia niitupe. Ninunue ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Usiitupe. Na mimi niliambiwa hivyohivyo hapa Mwanjelwa, Mbeya, tena mbele za wateja, na fundi ambaye hakufungua hata skrubu moja. Aliniambia nimebeba takataka. Maneno yale bado yananiuma, na ninaandika haya huku takataka hiyohiyo inapiga kwaya mezani kwangu.

Chombo chako hakiumwi. Squeezebox ni vipiga muziki vinavyotumia mtandao; zilianzishwa na kampuni ya Slim Devices ya Marekani, Logitech ikainunua kampuni hiyo 2006, ikatoa hii Radio 2009, na 2012 ikaacha kuzitengeneza. Huduma ya mtandaoni iliyokuwa ikiziunganisha na stesheni ikadumu miaka mingine, mpaka 2024 ikazimwa. Ingawa inaitwa redio, ndani haina FM. Seva, yaani kompyuta inayoigawia muziki, ikiondoka, haina pa kuchota stesheni.

Bahati yetu ni kwamba programu ya seva yenyewe ilikuwa huria tangu zamani. Watumiaji wakaiendeleza, na leo inaitwa Lyrion Music Server. Haina malipo. Unaiweka kwenye kompyuta ya nyumbani, unaionyesha folda ya nyimbo zako, halafu kwenye menyu ya redio unachagua maktaba hiyo mpya. Ruta iwe na mawimbi ya 2.4 GHz, kwa sababu redio hizi haziyajui ya 5. Nyimbo zinatembea humo ndani ya nyumba, bando haliguswi. Hilo si dogo: stesheni ya intaneti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 58 kwa saa. Ukilala nayo kwa muda wa saa nane, karibu MB 460 zimekwenda wakati wewe unakoroma.

Kabla ya kufika hapo nilipita kwenye kila njia mnayoishauri. Simu ya zamani na spika ya Bluetooth ndiyo wengi mnaisema, na mchana inafaa sana. Usiku ni habari nyingine. Spika nyingi za aina hiyo zikikaa kimya kwa muda zinajizima zenyewe, kwa hiyo alfajiri alamu inalia kwenye kaspika ka simu na spika haina habari. Ukitaka njia hii, tumia spika ya waya, nyimbo ziwe kwenye memori kadi, na simu uizimie mtandao, la sivyo meseji za vikoba zitakuamsha saa sita usiku.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kulielewa. Mwezi wa saba huku Uyole, mkono ukitoka nje ya blanketi unataka kurudi upesi. Sitaki kuvuta simu, kuweka namba ya siri, kutafuta programu, huku mwanga unanipiga machoni. Squeezebox Radio ina kirungu kimoja kikubwa cha kuzungusha na vitufe sita pembeni ya kioo. Kitufe cha kwanza nimekiwekea kwaya, cha pili dansi la zamani nililolitoa kwenye kanda za baba. Navipapasa gizani bila kufumbua macho. Nyimbo zile za kanda hazipo kwenye huduma yoyote ya kulipia kwa mwezi. Ndiyo maana nasema, na nitarudia: nyimbo zako ziwe kwako. Anayekukodisha muziki anaweza kufunga duka siku yoyote, na hatakuuliza.

Kama huna redio hii na unaanza upya, chukua Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, spika ya waya, na programu ya piCorePlayer. Inaweza kuwa seva na kipiga muziki kwa pamoja. Nimeipenda kwa sababu ya umeme wetu: ikishawaka inafanya kazi ndani ya memori ya muda, haiandikiandiki kwenye kadi, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla kadi haiharibiki kirahisi. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Raspberry Pi hizi za kawaida hazina saa ya ndani yenye betri. Umeme ukikatika usiku, ukirudi inaiomba intaneti saa. Intaneti isipokuwepo, saa inapotea na alamu inapotea nayo. Hata toleo la 5, lenye saa ndani, betri yake unainunua pembeni. Kwa hiyo mwenye basi la alfajiri awe na alamu ya pili, hata ya simu ya kitochi. Kuna watu wanatumia maelfu kwa maelfu kwenye sauti halafu wanaachwa na basi.

Spika janja zinazoongea sizishauri kwa chumba cha kulala. Zinategemea seva ya mwenye kampuni, na hicho ndicho kilichotutoa machozi juzi. Vijana mnapenda kipya, nawaelewa, ila kabla ya kutoa hela muulizeni muuzaji swali moja: nikichomoa waya wa intaneti, hiki kitapiga wimbo? Akianza kuzunguka, ondoka dukani.

Kwa msomaji wangu wa Makambako: usinunue chochote mwezi huu. Weka Lyrion kwenye laptopu uliyonayo, zima ile mipangilio inayoilaza ukifunga kifuniko, uunganishe redio. Ikishapiga wimbo wa kwanza, ndipo utafute Raspberry Pi ili laptopu ipumzike usiku. Ukikwama kwenye kuchagua maktaba, nitumie picha ya kioo cha redio, nitakuelekeza.