Wasimamizi wamerudia kutoa amri baada ya semina ya ukocha

Ndugu muulizaji,

Nimeelewa kwamba wasimamizi wenu wa zamu walihudhuria semina ya siku mbili kuhusu ukocha kazini, yaani kumwongoza mfanyakazi kwa maswali badala ya amri, wakaifurahia, kisha wakarudi kutoa amri kama awali. Sidhani kwamba ni ukaidi. Semina huwapa maarifa, ilhali stadi ya kusikiliza hukua kwa mazoezi yanayorudiwa mbele ya mtu anayeweza kuwarekebisha.

Ningewagawa watatu watatu: mmoja alete tatizo lake halisi la kazi, wa pili amuulize maswali, wa tatu atazame tu na kuyaandika, kisha wabadilishane nafasi. Wafuate mpangilio wa maswali uitwao GROW, uliosambazwa na John Whitmore wa Uingereza, ambao huanza na lengo, hupitia hali halisi na njia zilizopo, na huishia kwenye azma ya kutenda. Mtazamaji achunge hasa swali la "Kwa nini hukufanya?", kwa kuwa humfanya mtu ajitetee, ilhali "Ni nini kilikukwamisha?" huzaa maelezo. Mkuu wao naye ashiriki, la sivyo mtapoteza muda.

Ukocha haufai wakati wa dharura ya usalama, wala usichukue nafasi ya hatua za nidhamu. Ikiwa mko Tanzania, hizo zina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na ni vyema kumwona mwanasheria. Mfanyakazi akionyesha dalili za sonona, msimamizi asijaribu kumtibu kwa maswali, bali amwelekeze kwa mshauri nasaha au daktari.