Kwa mnaoanza falsafa: chungeni neno "hakuna"

Insha yangu ya kwanza ya metafizikia, tawi la falsafa linalochunguza kuwapo kwa vitu, ilijibu kwa haraka swali la kama utupu kamili waweza kuwapo. Niliandika: ondoa vitu vyote, kinachobaki ndicho utupu. Mwalimu alipigia mstari neno "kinachobaki", akauliza pembeni: "Hiyo ki- ni ya nini?" Nilikaa na swali lile wiki nzima. Nilikuwa nimeondoa vitu vyote, kisha nikabakiza kitu.

Kwa hiyo wadogo zangu, hata mkisoma vitabu vya Kiingereza, fikirini swali hili kwa Kiswahili. Kule kuna neno "nothing" linalokaa kwenye sentensi kama jina, na ukiliona limekaa hivyo unadhani lazima lina kinachotajwa. Sisi tunakanusha tu: hakuna, hapana, hamna. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanafalsafa Rudolf Carnap alimkosoa mwenzake Martin Heidegger kwa hoja hiyohiyo, kwamba kikanushi kimegeuzwa jina.

Lakini Kiswahili nacho kina mtego, na huu ulinichelewesha zaidi. Ku, pa na m katika maneno hayo matatu ni mahali. Ukisema "hamna kitu", umeshabakiza ndani. Basi tenganisheni maswali mawili: je, mahali paweza kuwa patupu? Na je, ingewezekana pasiwe hata mahali?

Lile la kwanza lina historia ya maabara. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikataa kabisa nafasi tupu. Mwaka 1644 mwanasayansi wa Italia Evangelista Torricelli alieleza jaribio la mrija uliojaa zebaki: ukipinduliwa juu ya bakuli la zebaki, ile ya ndani hushuka hadi kimo cha sentimita 76 hivi, na juu yake huachwa nafasi isiyo na hewa. Jaribio zuri mno, ila nafasi ile ina urefu na mwanga hupita humo. Msilitumie kujibu swali la pili.

Kwa hilo la pili someni Parmenides, Mgiriki wa kale aliyemtangulia Aristotle, kabla ya mwingine yeyote. Yeye alisema kisichokuwapo hakifikiriki wala hakisemeki. Kwa miaka mingi nilimwona mkaidi. Sasa naona alishika jambo zito, kwa sababu kila nikijaribu kuandika kinyume chake nakwama. "Ingewezekana pasiwe na chochote": pa- imeingia. "Vitu vyote visingekuwapo": -po hiyo, mwishoni.