Nenda Sokoni na Mchanga Wako: Kuchagua Begi la Mazoezi ya Kutembea na Uzito

Begi langu la kwanza la mazoezi lilikuwa lile ambalo karibu kila mfanyakazi wa ofisi analo nyumbani: begi la semina, jeusi, lenye nembo ya mradi uliokwisha zamani na mfuko wa kompyuta mpakato. Nililijaza pakiti 4 za unga wa sembe za kilo 2 kila moja, nikapanda nalo barabara ya Kibosho alfajiri moja ya baridi ya mwezi Julai, na kabla sijamaliza kilomita ya tatu mkanda wa kulia ukang'oka kwenye mshono wake wa juu, begi likazunguka na kunipiga nyongani, pakiti moja ikapasuka. Nilirudi Moshi mjini nimelikumbatia begi kama mtoto mgonjwa, unga umenifika hadi kwenye nyusi, na mama mmoja aliyekuwa anashusha mikungu ya ndizi akaniuliza kama nimetoka mashineni kusaga.

Nilikuwa nimeanza mazoezi haya kwa sababu ya kawaida kabisa. Nina umri wa miaka 43, kazi yangu ni ya kukaa siku nzima mbele ya vitabu vya hesabu, magoti yangu hayataki kukimbia, na daktari aliyeona sukari yangu imeanza kupanda alinisisitizia nitembee. Mwili ulizoea upesi kutembea mikono mitupu, hata ikawa naenda saa nzima na kurudi bila jasho, lakini nilipoongeza kilo chache mgongoni jasho likarudi na mapigo ya moyo yakapanda, ingawa mwendo ulibaki uleule. Katika miaka 3 nimetumia mabegi 3, na kosa nililolifanya kwa mawili ya kwanza ni moja: niliyachagua yakiwa matupu.

Begi la pili nililinunua kwa mtu anayefanya kazi ya kuongoza watalii mlimani, na lilikuwa zuri kweli, la lita 65, lenye mikanda kila mahali na mkanda mnene wa kiunoni. Nilidhani mzigo mzito unadai begi kubwa. Nilitia ndani yake kilo 10 za mchanga, mchanga ukashuka wote hadi chini kabisa, na begi lililobaki juu yake likawa kama gunia tupu linalopepea. Kila nilipopiga hatua mzigo ulinivuta nyuma, nami nikawa nainama mbele ili nisianguke, na baada ya wiki 2 mgongo wa chini ukaanza kuniuma asubuhi ninapoinuka kitandani. Nikajiambia kwamba umri umenishinda.

Aliyenifungua macho ni baba mmoja jirani yetu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mgumu, kama wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanavyojiita, na ambaye anajua mzigo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Kule getini mizigo hupimwa kwa mizani kabla ya kupanda, na mgumu hapaswi kubeba zaidi ya kilo 20 za mzigo wa wageni, kwa hiyo kilo zangu 10 hazikumshangaza hata kidogo. Alilinyanyua begi langu kwa mkono mmoja, akalitikisa, akasikiliza. "Mwanangu," akasema, "kilo hazikuchoshi. Kinachokuchosha ni hiki kinachotembea humu ndani." Kisha akauweka mkono wake katikati ya mabega yangu, akaniambia kwamba mzigo unapaswa kukaa hapo, na kwamba ukiwa mbali na mgongo hata kwa upana wa kiganja utaulipia njia nzima.

Tangu siku hiyo sijali tena ukubwa wa begi, na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Mchanga mkavu una uzito wa takriban kilo moja na nusu kwa lita, au zaidi kidogo, kwa hiyo kilo 12 za mchanga hazizidi lita 8. Begi la lita 20 hadi 25, yaani lenye ukubwa wa begi la mwanafunzi wa sekondari, linabeba uzito wote ambao mtu wa kawaida atauhitaji kwa mazoezi, likiwa na nafasi ya maji, koti la mvua na leso. Nafasi inayozidi hapo ni ya mzigo kuchezea. Begi la lita 65 limeundwa kwa mtu anayebeba hema, nguo na chakula, vitu vinavyolijaza hadi juu, na huyo ana haki ya kulisifia. Mimi nimebaki nalo kwa kuhifadhia mablanketi.

Baada ya ujazo, tazama urefu wa mgongo wako, ambao hautegemei urefu wa mwili wako kama watu wanavyofikiri. Inamisha kichwa, mtu akupapase nyuma ya shingo mpaka apate ule mfupa unaojitokeza zaidi, kisha apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka hapo hadi usawa wa sehemu ya juu ya mifupa ya nyonga. Wangu ni sentimita 42, na dada yangu, ambaye ni mfupi kuliko mimi, ana sentimita 44. Begi la mazoezi halipaswi kushuka chini ya usawa huo wa nyonga. Likishuka hadi makalioni litakugonga kila hatua, na ukilipandisha kwa kukaza mikanda litakusukuma kisogo.

Mikanda ya mabegani inastahili muda kuliko kitu kingine chochote. Ninataka iwe na upana wa vidole 4, kwa sababu mkanda mwembamba unakata bega hata kama sponji yake ni nene. Sponji yenyewe ninaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, na vidole vikikutana kirahisi ninaliacha begi hapohapo, kwani sponji laini inayobembeleza dukani hulala kabisa baada ya mwezi mmoja wa kubeba uzito. Kwa sisi wanawake kuna jambo la ziada ambalo wauzaji wengi hawalitaji: mikanda iliyonyooka kama rula hupita juu ya matiti na kuyaminya, ilhali iliyopinda kidogo huyapita pembeni, na mkanda mdogo wa kifuani usipoweza kupandishwa na kushushwa hautakufaa hata ukiwa na bizimu ya kupendeza namna gani.

Halafu ligeuze begi nje ndani. Muuzaji atakutazama vibaya, lakini ligeuze. Mahali mkanda wa juu unapoingia kwenye mgongo wa begi ndipo begi langu la semina lilipokatikia, na nilipolichunguza baadaye niliona kwamba mkanda ulikuwa umeshikwa na mstari mmoja tu wa uzi, kwenye ukingo wa kitambaa uliokwisha kuchambuka. Kinachotakiwa ni mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, au angalau mistari 2 au 3 iliyopita kwenye kipande kizito cha nyongeza. Kuhusu kitambaa, utakuta mabegi mengine yana kibandiko chenye namba kama 500D au 1000D. Herufi D ni kipimo cha unene wa uzi, yaani gramu za mita 9,000 za uzi huo, hivyo namba kubwa ni uzi mnene zaidi. Ni jambo jema kulijua, ila sijawahi kuona kitambaa kikichanika kabla ya mshono kuachia, na kwa hiyo namba hizo hazinitishi wala hazinivutii.

Begi langu la tatu nililipata Soko la Memorial, kwenye mitumba, na safari hii nilikwenda nimejiandaa. Nilibeba kwenye kikapu vifurushi 2 vya mchanga vya kilo 5 kila kimoja, na kila begi lililonipendeza niliomba nivitie ndani, nilivae, kisha nitembee nalo hadi mwisho wa safu ya vibanda na kurudi. Kijana muuzaji alicheka sana. "Shangazi, unasafiri na mchanga?" Lakini aliponiona nimekataa mabegi 5 kwa zamu akaanza kupendezwa na mchezo, akawa ananichagulia mwenyewe na kuyatikisa kabla hajanipa. Begi la 6 halikusogea. Lilikuwa la kijani iliyopauka, limechakaa zipu ya mbele, na nililinunua kwa shilingi 22,000, nikampelekea fundi viatu mwenye cherehani nzito, naye akaongeza mshono wa msalaba kwenye mikanda yote miwili kwa shilingi 3,000. Mpaka leo ninaona zile elfu 3 ndizo fedha nilizozitumia vizuri kuliko zote katika mazoezi haya.

Yapo mabegi yaliyotengenezwa makusudi kwa kazi hii. Kampuni ya Marekani iitwayo GORUCK, iliyoanzishwa mwaka 2008 na mtu aliyekuwa askari wa vikosi maalumu vya jeshi la nchi hiyo, hushona mabegi yenye mfuko wa bamba la chuma ulioegemezwa kwenye mgongo, ili uzito usiondoke karibu na mwili. Wazo ni zuri, na anayeishi Ulaya au Marekani na kuwa na uwezo wa kulinunua alinunue bila kusita. Kwetu huku gharama yake haina maana, kwa sababu mfuko wa kompyuta mpakato ulio ndani ya mabegi ya kawaida upo mahali hapohapo, mgongoni, na kifurushi bapa cha mchanga kinakaa humo vizuri. Angalia tu kwamba mfuko huo umeshonwa hadi chini, kwani mingi imening'inizwa juu tu na itang'oka.

Mchanga ninauanika juani kwanza, kwa sababu mbichi huvunda na uzito wake hubadilika, kisha ninautia kwenye kiroba kidogo cha salfeti, na kiroba ninakiingiza kwenye mguu wa suruali kuukuu ya jinzi uliokatwa na kushonwa ncha zote mbili. Ninaupimia kwenye mizani ya dukani kwa Mangi. Usikijaze kifurushi hadi kikawa mviringo kama soseji. Kiache kilegee kidogo kiweze kulazwa na kuwa bapa. Chini ya begi ninaweka kipande cha sponji ya godoro kuukuu, ili mchanga upande hadi katikati ya mabega badala ya kukaa kiunoni, na upande wa mbele ninasokomeza taulo mpaka pasisikike kitu nikilitikisa.

Maji yana faida yake pia. Ninapopanda Kibosho huweka dumu la lita 5 lililojaa pomoni, kwani dumu la nusu hucheza na kukuyumbisha, na nikifika juu ninayamwaga kwenye migomba kwa ruhusa ya mwenye shamba, nikateremka nikiwa na kilo 5 pungufu. Magoti huumizwa na kuteremka kuliko kupanda, na hakuna uzito mwingine unaoweza kuuacha njiani bila kuupoteza.

Bibi yangu angecheka akiniona nanunua begi. Yeye alishuka na ndizi kichwani kutoka Kibosho hadi sokoni, mgongo umenyooka. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya ulioonyesha kwamba wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kwenye paji la uso, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Hao walikuwa wamezoea kubeba mizigo miaka mingi. Mimi nimezoea kalamu. Tena mimi ninataka nguvu zitumike, maana hilo ndilo zoezi lenyewe. Hata hivyo mzigo wa bibi ulikaa juu ya uti wa mgongo, na wangu unajitahidi kuukaribia.

Kwa begi hili la tatu nilianza upya na kilo 7, ambazo ni kama sehemu ya kumi ya uzito wangu, nikaongeza kilo moja kila baada ya wiki 3, na nimesimama kwenye 12. Wanajeshi wanaume wanaoshiriki matembezi ya Nijmegen huko Uholanzi, kilomita 40 kila siku kwa siku 4, hubeba kilo 10, kwa hiyo sioni aibu wala sababu ya kushindana na vijana wanaopakia 30. Kwa uzito huu mkanda wa kiunoni si wa lazima, hasa ule mwembamba kama utepe ulio kwenye mabegi madogo, ambao kazi yake ni kuzuia begi lisirukeruke. Mkono ukifa ganzi au vidole vikianza kuchoma, vua begi papo hapo, kwa maana mkanda umekandamiza neva, na hali hiyo ikirudi hata baada ya kurekebisha mikanda, mwone daktari. Mwenye tatizo la mgongo au mjamzito amwone kabla hajaanza.

Juzi nilipoligeuza begi nje ndani niliona nyuzi 2 zimechomoza kwenye mkanda wa kushoto, ule ninaoutangulizia kila ninapolivaa. Jumamosi nitalirudisha kwa fundi, na nitamwomba aongeze kipande cha ngozi chini ya mshono.